Maumivu na Tarakimu: Jinsi Maneno ya Mgonjwa Yanavyoingia katika Kompyuta

Katika kurasa hizi tumepata kuandika habari za maneno ya wavuvi, ya wakulima na ya arusi. Safari hii twapenda kusema juu ya maneno ambayo hayana fundi wala mwanafunzi, kwa kuwa kila mwanadamu huyatumia tangu utoto wake, nayo ni maneno ya kuumwa. Zamani mgonjwa aliyasema, tabibu akayasikia, na pengine akayaandika karatasini kama yalivyosemwa. Siku hizi, katika hospitali nyingi, muuguzi huketi mbele ya kompyuta, naye hutakiwa kuyageuza maneno hayo kuwa tarakimu moja, tangu 0 hata 10. Kugeuza huko ni kazi ya kufasiri, sawasawa na kufasiri kutoka lugha moja hata nyingine. Na mfasiri akikosa, hasara ni ya mgonjwa.

I. Kisa kilichotuamsha

Bibi mmoja, jirani yetu, aliugua tumbo, nasi tukamsindikiza hospitalini. Hatutaji ni hospitali gani, wala hatumlaumu mtu, maana yaliyotukia pale yaweza kutukia popote.

Muuguzi, kijana mwenye adabu, alimwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akajibu, “Marahaba, mwanangu.” “Hujambo?” “Sijambo.” Muuguzi akampima joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, akayaandika yote katika kompyuta. Kisha akafika penye nafasi iliyoandikwa “maumivu” kwa lugha ya kigeni, na kando yake tarakimu 0 hata 10. Akauliza, “Na maumivu ni mangapi, Bibi?” Bibi akafikiri kidogo, akajibu, “Ni mawili, mwanangu. Tumbo linanikata, na mgongo nao unavuta.” Muuguzi akaandika 2.

Wagonjwa walikuwa wengi siku ile. Daktari alipotazama orodha yake aliona 2 katika 10, akawatanguliza wenye 7 na 8, kama ipasavyo. Bibi akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hata alasiri, amejikunja, bila kusema neno. Alipoitwa hakuweza kuinuka. Utumbo ulikuwa umetoboka, akaingizwa katika chumba cha upasuaji jioni ile ile. Alipona, lakini baada ya majuma mengi ya kulala, na daktari alituambia wazi kwamba saa zile za benchi zilikaribia kumwua.

Katika kisa hiki hakuna aliyesema uwongo. Bibi aliulizwa idadi, akajibu idadi. Muuguzi alitaka ukali, akasikia ukali. Kosa lilikaa ndani ya neno “mangapi”, ambalo kwa Kiswahili huuliza vitu vinavyohesabika, kama mayai mangapi au magunia mangapi. Hakuna aliyempa muuguzi swali lililokwisha kutungwa kwa Kiswahili, basi alilitunga mwenyewe kwa haraka, mbele ya safu ya watu wanaongoja. Ndipo tulipoona kwamba jambo hili, ambalo wengi hulidhani kuwa la mafundi wa kompyuta, ni jambo la lugha na la desturi pia.

II. Tarakimu hii ilitoka wapi

Joto la mwili lina kipimajoto, na shinikizo la damu lina chombo chake. Watu wawili wakipima watapata jambo moja. Nafaka nayo ina kibaba na pishi: vibaba vinne ni pishi moja, na asiyesadiki na apime tena. Lakini maumivu hayana kibaba. Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, aliwafundisha wenzake mwaka 1968 kwamba maumivu ni yale ambayo mwenye kuumwa husema ndiyo, nayo yapo kila wakati asemapo kuwa yapo. Wazee wetu walikwisha kulisema kwa namna yao: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwa kuwa shahidi ni mmoja tu, waganga walitafuta njia ya kumwuliza shahidi huyo kwa namna iliyo sawa kila siku. Wengine walichora mstari wa milimita 100, mwanzo wake “hakuna maumivu” na mwisho wake “maumivu makali yasiyo na kifani”, mgonjwa akatia alama mahali pake. Wengine waliuliza tarakimu 0 hata 10 kwa mdomo, na njia hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, maana haitaki karatasi wala kalamu. Kwa watoto, Donna Wong na Connie Baker walitengeneza huko Tulsa, Marekani, katika miaka ya 1980, picha za nyuso sita, tangu uso wa kucheka hata uso wa machozi. Na kwa mtoto mchanga asiyejua kusema, wauguzi hutazama mambo matano: uso, miguu, mwili kama umetulia au unatapatapa, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila moja hupewa 0, 1 au 2, na jumla yake haipiti 10.

Pamoja na hao alikuwako Ronald Melzack, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Yeye hakuanza na tarakimu, alianza na maneno. Mwaka 1975 alitoa karatasi ya maswali yenye maneno 78, yaliyopangwa katika mafungu 20: maneno ya kuchoma, ya kupwita, ya kukata, ya kubana, hata maneno ya hofu na ya kuchoka. Alionyesha kwamba watu wenye ugonjwa mmoja huelekea kuchagua maneno ya namna moja, hata neno lenyewe likawa dalili. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Basi tarakimu ilipataje kuingia katika kumbukumbu ya kila mgonjwa? Mwaka 1995, James Campbell, aliyekuwa rais wa chama cha wataalamu wa maumivu cha Marekani, aliwasihi waganga wayahesabu maumivu kuwa dalili ya tano ya uhai, pamoja na joto, mapigo, pumzi na shinikizo la damu. Nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa wagonjwa wengi waliachwa waumie bila mtu kuwauliza. Mwaka 1999 idara ya afya ya askari wastaafu wa Marekani ilishika njia hiyo, na mwaka 2001 hospitali za nchi hiyo zilitakiwa na shirika linalozikagua kuyachunguza maumivu ya kila mgonjwa.

Walakini kilichowekwa kiwe taa kiligeuka kuwa deni. Tarakimu ikawa jambo la kushushwa, na njia nyepesi ya kuishusha ilikuwa dawa kali za jamii ya afyuni, ambazo wafanya biashara nao walizisifu kupita kweli. Watu wengi mno walizoea dawa hizo hata zikawaua. Desturi ya tarakimu haikuwa sababu ya pekee ya msiba huo, lakini ilihesabiwa miongoni mwa sababu zake. Mwaka 2016 wajumbe wa chama kikuu cha madaktari wa Marekani walikata shauri kwamba maumivu yasiitwe tena dalili ya tano ya uhai. Hapa petu shida yetu imekuwa kinyume chake: wagonjwa wengi huumia bila kupata dawa ya kutosha. Lakini kosa la msingi ni lile lile, kuitazama tarakimu na kumsahau aliyeisema.

III. Kompyuta huyashikaje maumivu

Wengine hudhani kwamba kumbukumbu za kompyuta ni mambo ya ng’ambo yaliyoletwa kwetu jana. Sivyo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianza kuandika habari za wagonjwa katika kompyuta. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za namna yake katika Afrika kusini mwa Sahara. Kutokana na mashauri yaliyoanza huko Eldoret, Paul Biondich na Burke Mamlin walianzisha mwaka 2004 programu iitwayo OpenMRS, ambayo mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo. Mwaka 2006 ilitiwa kazini Eldoret, na mwaka huo huo Rwanda, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi.

Ndani ya programu hiyo mna kitu ambacho wapenda lugha watakifurahia, nacho ni kamusi. Si kamusi ya maneno bali ya maana. Kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa lina mahali pake katika kamusi hiyo, nalo hupewa namba moja isiyobadilika na jina moja au mengi, hata kwa lugha mbalimbali. Maana moja yaweza kuwa na jina la Kiingereza, la Kifaransa na la Kiswahili, na kompyuta ikazijua zote kuwa ni kitu kimoja. Tena kila swali huelezwa litapokea jibu la namna gani: tarakimu, au neno lililochaguliwa katika orodha, au maandishi huru. Likiwa la tarakimu, huwekwa mpaka wa chini na wa juu. Mtu akiandika 11 penye 0 hata 10, kompyuta hukataa.

Ili hospitali moja ipate kuelewana na nyingine, yako pia majedwali makubwa ya namba ambayo mataifa mengi huyatumia. Jedwali moja, liitwalo LOINC, lilianzishwa mwaka 1994 katika taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, ndiyo ile ile walikotoka Biondich na Mamlin. Ndani yake, namba 72514-3 ni ya swali letu hili. Tukiifasiri kwa ukamilifu yasema hivi: ukali wa maumivu, kwa tarakimu 0 hata 10 iliyotajwa kwa mdomo, kama alivyoeleza mgonjwa mwenyewe.

Msomaji ayatazame maneno mawili katika tafsiri hiyo. La kwanza ni “ukali”, la pili ni “kama alivyoeleza”. Kamusi ya kompyuta ilikuwa na yote mawili. Lakini aliyetengeneza ukurasa wa kujazia, akitaka kuokoa nafasi, aliandika neno moja tu, “maumivu”, na ukali ukaachwa nje. Bibi yetu alidhurika kwa upungufu wa neno hilo moja.

Nafasi hiyo ina hatari nyingine tatu. Ya kwanza, kompyuta mara nyingi haimruhusu muuguzi kuendelea mpaka ameijaza, naye mwenye haraka huandika chochote, au huirudia tarakimu ya jana. Ya pili, sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja: sifuri yasema, “Tulimwuliza, akajibu haumwi”, nafasi tupu yasema, “Hatukumwuliza”. Mgonjwa aliyelala usingizi, au aliyezimia, akiandikiwa 0, kumbukumbu imemshuhudia uwongo. Ya tatu, kompyuta hupenda kuzijumlisha tarakimu na kuzigawanya, hali hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Mwenye 8 hakuumwa mara mbili ya mwenye 4, wala 5 ya mtu mmoja si 5 ya mwingine.

IV. Hazina ya maneno yetu

Sasa tutazame kile kinachoachwa mlangoni tarakimu inapoingia peke yake.

Kwanza, ujenzi wa sentensi. Mswahili hasemi kwamba ana maumivu ya kichwa kama mwenye mali, husema, “Kichwa kinaniuma.” Kiungo ndicho mtenda, na mtu ndiye mtendwa; neno ni lile lile la mbwa aumaye. Akisema “naumwa”, ni kauli ya kutendwa, kana kwamba amevamiwa. Lakini katika sehemu nyingi za Tanzania “naumwa” ni kusema tu “mimi ni mgonjwa”, hata kama ni homa isiyo na maumivu makubwa, kama vile watu wa zamani walivyosema “siwezi” kwa maana hiyo hiyo. Kwa hiyo muuguzi aliyelelewa Kenya asikiapo “naumwa” Dar es Salaam, na aulize tena kabla ya kuandika.

Pili, namna ya maumivu. Haya ndiyo machache katika mengi:

Kukata ni kwa tumbo, kama kisu kipitacho, huja ghafula. Kusokota ni kama kamba inayopindwa. Huja na kuondoka, kisha huja tena. Kunyonga hukaza pasipo kuachia.

Kuchoma ni kama ncha ya mkuki. Kutoka hapo tumepata “kichomi”, yaani maumivu ya ubavuni yampatayo mtu avutapo pumzi. Na watu wengi huuita kichomi ugonjwa wenyewe wa mapafu uletao maumivu hayo.

Kupwita hufuata mapigo ya moyo. Jipu lililoiva hupwita. Kugonga ni kwa kichwa. Kipanda uso ni kichwa kiumacho upande wa mbele hata macho yachukie mwanga.

Kubana ni kwa kifua hasa. Mzee asemaye, “Kifua kinanibana na mkono wa kushoto unakuwa mzito,” asiulizwe tarakimu kwanza, aitiwe daktari.

Kuwaka moto ni kwa nyayo na miguu. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu husema, “Miguu inawaka moto usiku,” na pengine huongeza, “tena imekufa ganzi.” Asikiaye husema, yawezaje kuwaka na kufa ganzi pamoja? Lakini tabibu ajuaye atatambua kwamba mishipa ya fahamu imedhurika, na kwamba vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu havitafaa sana. Yapasa dawa ya namna nyingine. Neno limekwisha kuonyesha njia ya dawa, jambo ambalo 6 au 7 haliwezi.

Uchungu ni neno la peke yake. Ni ladha ya mwarobaini, ni huzuni ya msiba, na ni maumivu ya mwanamke ajifunguaye. Tukisema, “Ameshikwa na uchungu,” hakuna aulizaye ni wa wapi.

Mwisho tutaje kuwanga. “Kichwa kinaniwanga” ni maumivu mazito yasiyokoma. Lakini neno hili katika Kiswahili cha zamani lina maana nyingine pia, nayo ni kuhesabu. Hatusemi kwamba maana moja imezaa nyingine, maana huenda ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Twalitaja kwa kuwa lakumbusha kwamba kuumwa na kuhesabu vyaweza kukaa katika neno moja pasipo kuwa kitu kimoja.

Tatu, wakati. Vitenzi vyetu hueleza nyakati za maumivu kwa silabi moja tu. “Linauma” ni sasa hivi. “Huuma” ni desturi yake, labda kila usiku au kila baada ya kula. “Linaumauma” ni kidogo kidogo, likija na kuacha. “Liliuma sana, sasa limetulia” laweza kuwa neno la furaha, nalo laweza kuwa neno la hatari kuliko yote, maana kidole cha tumbo kikipasuka maumivu hupungua kwa kitambo kabla hayajarudi kwa ukali mpya. Mgonjwa wa namna hiyo akiulizwa tarakimu ya sasa atasema 3, naye anakufa.

V. Desturi zinazobadilisha jibu

Tena si maneno tu. Adabu nayo huandika katika kompyuta.

Mtu wa pwani akiulizwa, “Hujambo?” hujibu, “Sijambo,” hata kama amelala mkekani siku ya tatu. Hilo si jibu la ugonjwa, ni jibu la salamu. Habari za ugonjwa huja baadaye, akiisha kuulizwa nyumbani, watoto na shughuli. Muuguzi aliye mgeni wa desturi hii, akilishika jibu la kwanza, ataandika 0 kwa mtu anayeungua.

Wako wanaojibu kwa shukrani: “Alhamdulillahi,” au “Twamshukuru Mungu.” Kwao kutaja tarakimu kubwa ni kama kunung’unika mbele ya Mwenyezi. Wako waliofundishwa jandoni kwamba mwanamume halii, na wanawake waliofundishwa kwamba aliaye wakati wa kujifungua huaibisha ukoo. Na wako wamwonao muuguzi kuwa mkubwa, hata akisema, “Labda ni tatu?” hujibu, “Ndiyo, tatu,” wasije wakambishia mwenye elimu. Hao wote huteremsha tarakimu. Walakini, kwa haki, tuseme pia kwamba wako waliokwisha kutambua kwamba mwenye 8 hutangulizwa, nao hupandisha yao.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si haki kumlaumu mfichaji kabla ya kujiuliza kama tulimwuliza kwa namna ambayo mtu mwenye adabu aweza kuijibu.

Desturi zetu zina msaada pia. Ndugu wakimtazama mgonjwa hawaulizi, “Ni kiasi gani?” Huuliza, “Leo afadhali?” naye hujibu, “Afadhali,” au “Hali ni ile ile,” au “Leo imezidi.” Hawamlinganishi na mtu mwingine, humlinganisha na nafsi yake ya jana. Na hiyo ndiyo matumizi ya kweli ya tarakimu katika kumbukumbu. Tarakimu moja iliyo peke yake ni kama jani moja la kitabu. Ikiwa asubuhi mgonjwa alisema 8, akapewa dawa, na baada ya saa moja akasema 4, tumejifunza jambo. Akisema tena 8, tumejifunza jambo kubwa zaidi.

Mikono nayo husaidia. Chama cha Afrika cha huduma za wagonjwa wasioponyeka, chenye makao yake Kampala, kilitengeneza maswali ambayo majibu yake ni tangu 0 hata 5, na mgonjwa aweza kujibu kwa kuonyesha vidole: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni maumivu yaliyozidi yote. Mzee asiyesoma na mtu asiyeweza kusema kwa udhaifu, wote wana mkono.

VI. Yapasayo kuandikwa

Hatusemi tarakimu iondolewe. Bila tarakimu, kompyuta haiwezi kumwonyesha daktari kwa mtazamo mmoja ni nani katika wagonjwa arobaini ambaye maumivu yake yamepanda tangu jana. Twasema isikae peke yake. Mambo tuliyoyapata kwa kuuliza wauguzi wenye uzoefu ni haya:

1. Swali liandikwe ndani ya kompyuta kwa lugha ya mgonjwa, lote zima, muuguzi asilazimike kulitunga. Kwa mfano: “Ukali wa maumivu haya ni kiasi gani? Sifuri ni kutokuumwa kabisa. Kumi ni ukali usioweza kuzidi.” Asiulizwe mtu “mangapi”.

2. Kila mahali paumapo pawe na mstari wake. Tumbo na mgongo ni maumivu mawili, na kila moja lina ukali wake.

3. Kando ya tarakimu iwepo nafasi ya neno la mgonjwa mwenyewe, nalo liandikwe kama lilivyosemwa: linakata, linasokota, inawaka moto. Wakati nao ulindwe. “Huuma usiku” isigeuzwe kuwa “inauma”.

4. Saa iandikwe, na baada ya dawa aulizwe tena: yapata nusu saa baada ya sindano ya mshipani, na saa moja baada ya kidonge.

5. Pasipoulizwa paandikwe sababu: amelala, hawezi kusema, amekataa. Sifuri iachiwe wale walioisema kwa kinywa chao.

6. Muuguzi atazame na aandike aonacho, kwamba mgonjwa amejikunja, au anatembea kwa kuinama, au ana jasho. Macho yake yakipingana na tarakimu, asiifute tarakimu, bali amwarifu daktari.

Wengine watasema kwamba hakuna wakati wa kuandika yote hayo. Tulipomwuliza muuguzi mmoja mzee habari hiyo, alitujibu kwamba neno “linakata” lina herufi nane.

Na tumrudie bibi yetu. Kama kumbukumbu yake ingaliandikwa hivi: “Tumbo: 9, linakata, tangu jana usiku, amejikunja. Mgongo: 4, unavuta,” daktari asingalihitaji kumwona ili kujua kwamba hawezi kungoja. Maneno yote hayo bibi alikuwa nayo kinywani, na nusu yake alikwisha kuyasema. Leo yu mzima, huja kututembelea, na tukimwuliza hali hujibu kama zamani, “Sijambo.” Nasi tumejifunza kuongeza, “Na tumbo, Bibi?”

Twamaliza kwa ombi. Maneno tuliyoyaandika hapa ni ya pwani na ya miji mikubwa kwa sehemu kubwa. Wasomaji wetu wa bara, wa visiwani na wa Kongo wanayo mengine, na wauguzi huyasikia kila siku bila kuyakuta katika kamusi yoyote. Twawaomba watuletee maneno hayo, kila moja pamoja na kiungo chake na mfano wa sentensi, tupate kuyapanga katika mafungu na kuwapa watengenezaji wa kumbukumbu za hospitali. Wakati wa kuyakusanya ni sasa, kwa kuwa muuguzi ajaye atafundishwa na ukurasa ulio mbele yake, na neno lisilokuwamo humo hatalijua.